Mafuta Yenye Harufu ya Jiko

Mimi uso wangu ni mkavu. Sisemi ukavu wa kupaka kitu asubuhi ukaenda zako. Nasema ukavu wa kubanduka, wa kuwasha, wa kucheka kidogo ukahisi pembe za mdomo zinachanika. Nimezaliwa nao hapa Malindi, na kila upepo mkavu wa kaskazi ukianza mashavu yangu hutoka unga mweupe kama nimetoka kupepeta mchele. Utotoni wenzangu waliniita Gamba. Niliwapiga wawili watatu, wakaacha kuniita mbele yangu, wakaendelea kuniita nyuma.

Nikaolewa na uso huohuo. Wiki ya harusi, mwanamke aliyekuwa akiniandaa alinisugua singo mwili mzima, ule unga wa maua makavu na viungo wanaosuguliwa bibi harusi wote wa kwetu. Wenzangu singo huwang'arisha. Mimi ilinichubua. Akataka kufunika alichokifanya, akasaga liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe la msio kwa marashi ya mawaridi, akanikandika, liwa nayo ikakauka juu ya michubuko ikapasuka vipande vipande. Bwana harusi aliponifunua shela, nilikuwa nimekaza macho nikingoja kuona sura yake itakavyobadilika. Akacheka. Nilimchukia palepale.

"Nani kakumenya hivi?" akaniuliza.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza sawasawa, alimwomba dada yake nazi.

Lazima nieleze habari za huyu dada yake, maana ndiye aliyebaki. Ni wifi yangu, mkubwa kwa mume wangu kwa miaka mingi, mtu wa Takaungu. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, yeye ndiye akamlea ndugu yake. Alimfundisha kukuna nazi na kupika mafuta kwa sababu walikuwa na minazi na hawakuwa na mama. Mafuta ya wifi yangu ni meupe, safi, hayana harufu yoyote ila ya nazi kwa mbali. Ni mwanamke wa kunyoosha mambo. Hata mkeka wake hauna pembe iliyopinda.

Ndugu yake hakuwa hivyo. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, na kwenye kanzu hakukosea uzi, lakini jikoni alikuwa balaa. Alikuwa anapikia mafuta yangu uani, siku ya Ijumaa akitoka msikitini. Anakuna nazi, anakamua tui zito, analiacha mpaka lile la juu lijitenge, kisha analiweka motoni. Sasa hapo inatakiwa usimame na mwiko. Yeye anasimama na mwiko, ndiyo, lakini mdomo wake uko upande wa pili wa ukuta, anaongea na jirani. Bei ya samaki, mpira, nani kaoa, nani kaacha. Anaongea mpaka mashapo yanashika chini ya sufuria na moshi unatoka, ndipo anaruka.

"Yameungua tena," nilikuwa nikimwambia.

"Hayajaungua. Yamekolea."

Akishaepua, yakipoa kidogo, anachuma asmini kwenye mti wetu hapo uani, anazitumbukiza ndani, anaziacha hadi zigeuke rangi ya chai, anachuja, anatia kwenye chupa ya zamani ya marashi na kuiziba kwa kitambaa kilichobaki kwenye kanzu ya mtu. Ndiyo mafuta yangu hayo. Yalinukia asmini, na chini ya asmini palikuwa na moshi.

"Mafuta yako yana harufu ya jiko," nikimwambia.

"Basi usijinuse."

Na alikuwa akinipaka mwenyewe. Sikumwomba. Anachovya kidole kimoja, anaanza kwenye paji, anashuka kwenye mashavu, anazunguka pua, anamaliza kwenye zile pembe za mdomo zinazochanika. Watu walijua, wakasema, mwanamume gani huyu. Mimi mwenyewe nilimwambia mara nyingi aache upuuzi, nina mikono. Hakuacha. Miaka yetu yote, uso wangu sikuupaka mafuta kwa mkono wangu, na sikuliona kuwa ni jambo. Kitu kikifanyika kila siku unakiona kama ukuta wa nyumba.

Alifariki mwanzo wa kaskazi. Alirudi kutoka kazini, akasema kifua kinambana, akakaa kitini uani. Tulimfikisha hospitali, na sikurudi naye. Sina zaidi ya hayo ya kusema juu ya siku ile. Wapo wanaoweza kusimulia, mimi siwezi.

Nikawekwa eda, miezi minne na siku kumi bila pambo wala manukato. Wifi ndiye aliyenisimamia. Alinivua bangili, akatoa chumbani udi, marashi, wanja, hina, msio na liwa. Kila alichokitilia shaka alikinusa kwanza, kisha akaweka kando au akanirudishia. Sabuni yangu ya kuogea aliinusa, akaiondoa, akaniletea kipande cha sabuni ya kufulia. Hakuwa mkatili. Alikuwa akilia huku ananusa. Alitaka ndugu yake awe na mjane ambaye hakuna mtu wa kumnyooshea kidole, na mimi pia nilitaka hivyo. Ilikuwa ndiyo heshima ya mwisho niliyobaki nayo ya kumpa.

Akaifikia ile chupa. Ilikuwa nusu. Aliichomoa kitambaa, akanusa, akanusa tena.

"Hii ina asmini," akasema.

"Najua."

"Hii haiwezekani, wifi."

"Najua. Niachie niifungie kabatini. Siigusi mpaka nitoke."

Akanipa. Niliifunga ndani ya kikoi chake, kile alichokuwa akivaa nyumbani, nikaiweka kabatini nyuma ya nguo, nikafunga. Nikajiwekea nadhiri ya moyoni: sitafungua hilo kabati hata kwa kunusa tu, maana nikinusa mara moja sitajizuia. Siku nitakayotoka eda nitaoga, nitakwenda kukaa kwenye kile kiti chake uani, nitafungua chupa, nitajipaka polepole, paji, mashavu, pua, mdomo. Mara moja hiyo. Yakibaki matone, nitapaka na kesho yake. Nisidanganye mtu, sikuwa na sababu nyingine ya kuamka. Wageni walikuja wakanihesabia watoto, wajukuu, afya. Mimi nilikuwa nikiwaitikia na moyo wangu uko kabatini.

Uso nao ukafanya yake. Kaskazi kali, mafuta hakuna, na machozi yana chumvi. Ukilia asubuhi hadi jioni uso mkavu unakuwa kama samaki aliyewekwa chumvi akaanikwa. Kwanza ulibanduka. Kisha ukawa mwekundu chini ya macho. Kisha zile pembe za mdomo zikachanika, nikipiga mwayo damu inatoka. Kula kitu chenye ndimu nikaacha.

Binti yangu ameolewa Mombasa. Alikuwa akinipigia simu ya kuonana, na kila akiniona anapiga kelele kana kwamba uso ni wake. Akaanza kunitumia video za wanawake wanaojipaka vitu vya jikoni. Mama, changanya asali na mtindi. Mama, paka parachichi. Mama, yai. Parachichi nililila. Asali ilitoka kwa mama mmoja wa Kakuyuni anayeniuzia mchicha mlangoni, asali nyeusi ya msituni, akaniletea na mafuta ya mbono aliyoyakamua mwenyewe. Yule mama hakuniuliza neno. Alinitazama uso, akasema, "Pole, mwenzangu," na siku ya pili akaja navyo. Asali nilijipaka na mtindi, nzi wakanijia, nikaosha. Mbono ni mazito, yalikaa juu ya ngozi yakakataa kuingia. Nikakata jani la mshubiri, nikapaka ule ute wake, ukaniteremkia mdomoni, uchungu mpaka kesho. Simsim yalikuwa bora kidogo, lakini bora kidogo ni nini.

Dawa hazikuwa mbaya. Yule mama wa Kakuyuni ana ngozi ya kuonewa wivu na ni mkubwa kwangu. Mkono ndio uliokuwa na kasoro. Sikujua kujipaka uso wangu mwenyewe. Nilijisugua kama ninasugua sufuria, nikasahau paji, nikajitia machoni. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimekaa kitandani na kibakuli cha asali, sijui nianzie wapi. Nililia, chumvi ikateremka kwenye asali, nikakiweka kibakuli chini.

Mti wa asmini hapo uani haukuwa na habari ya eda ya mtu. Ulichanua. Jua likienda kutua, harufu ilikuwa ikipenya dirishani, nikawa nafunga dirisha na kukaa na joto. Nilimuuliza wifi kama kuisikia harufu ya mti ni makosa. Akafikiri sana, maana hapendi kujibu asilolijua. Akasema ua la mti haliko mikononi mwangu, nisifunge dirisha nikafa kwa joto. Niliendelea kufunga. Niliitaka ile ya kabatini, sikuitaka ile ya bure.

Wifi alikuwa akija kutoka Takaungu mara kwa mara, analala siku mbili, anarudi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako usoni mwangu. Nilijua anaumia. Uso huu ulikuwa umekabidhiwa kwa ndugu yake, na tangu amezikwa unabomoka mbele yake. Siku moja nikamsikia uani anazungumza kwenye simu na binti yangu. Binti yangu alikuwa akisema kwa sauti ya juu, kama kawaida yake, "Shangazi, mafuta ya baba yapo kabatini, na mama anapasuka uso!" Wifi akamjibu taratibu kwamba kilichokatazwa ni harufu na pambo, na kwamba mafuta matupu kwa mtu anayeumwa hayana ubaya. Nilisikia, sikutilia maanani. Maneno ya mafuta yalikuwa yamenichosha.

Alipoondoka safari ile alibeba kikapu chake kama siku zote. Mimi nilikuwa naoga. Na kabati, kama nilivyosema, nilikuwa nimejikataza kulifungua.

Akarudi baada ya siku chache. Eda ilikuwa imebaki kidogo sana, wiki na ushei. Mvua za kusi zilikwisha kuanza, hewa imepoa, mimi nimeanza kuhesabu kama mtoto anayengoja Idi. Nilikwisha kumwambia binti yangu aniletee dera jipya la kutokea eda. Wifi akaingia, akavua buibui, akaketi kitandani karibu yangu, uso wake una nuru ambayo sikuiona tangu msiba. Akatia mkono kikapuni, akatoa chupa.

Niliijua kabla hajaitoa yote. Ile chupa ya marashi, nusu.

"Wifi," akasema, "huna haja ya kungoja tena."

"Umeifanya nini?"

"Nimeitoa harufu. Nimeyachemsha na maji, nikayaacha yapoe, nikayaengua, nikayachemsha tena na maji mengine. Asmini yote imetoka na mvuke. Hata ule moshi wake umetoka, yule ndugu yangu alikuwa hajui kupika. Sasa ni mafuta matupu. Unaweza kupaka leo hii, hakuna wa kukuuliza."

Nikachukua chupa. Nikachomoa kitambaa. Nikaweka pua mdomoni mwa chupa nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Nazi. Nazi kwa mbali, kama mafuta yote ya wifi, meupe na safi. Nikavuta tena. Nikageuza kitambaa nikakinusa, maana nilijua kitambaa kimeshika mafuta ya miaka, kitambaa hakiwezi kuisha.

"Na hicho nimekifua," akasema. "Nimekianika juani mara mbili. Nilijua ungekuwa na wasiwasi nacho."

Hakuwa amemaliza. Alikuwa na jambo la kunieleza na alikuwa na furaha ya kunieleza. Alinishika goti.

"Nilipoweka motoni, wifi, harufu ilifumka nyumba nzima. Nikageuka, nikadhani amesimama mlangoni. Nikafunga mlango, nikafunga madirisha, nikakaa nayo. Jikoni, ukumbini, hata kwenye mashuka. Ilikuwa ni yeye kabisa, mdogo wangu. Nikawa naongeza maji, nachemsha, naongeza, mpaka ikaisha. Nililia nikashiba. Alhamdulillahi, nimekuwa mwepesi tangu siku ile."

Mimi nina mdomo. Muulize yeyote mtaani kwetu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mwanamke ambayo yangemrudisha Takaungu kwa miguu. Nilitaka kumwambia kwamba amekaa na mume wangu mchana kutwa, madirisha yamefungwa, akamla peke yake akashiba, kisha akaniletea sahani iliyooshwa. Maneno yalifika kooni. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua na mvuke, na alikuwa akinitazama kama mtu anayengoja kuambiwa ahsante.

Nikayameza maneno. Hata kulia sikulia. Kuna kukata tamaa kwa kelele na kuna kwa kimya, na huku kwa kimya sikuwa nakujua. Nilikaa tu na chupa mapajani.

Akaichukua mwenyewe. Akamimina kidogo kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua mikono, akanishika uso. Alianza kwenye paji, akashuka kwenye mashavu, akazunguka pua, akamaliza kwenye pembe za mdomo. Hivyohivyo. Bila shaka, yeye ndiye aliyemfundisha ndugu yake, kwa kumpaka utotoni kwenye uso wake mdogo uliokosa mama. Nilifumba macho. Mkono ulikuwa ule, mwendo ulikuwa ule, nikavuta pumzi, na hapakuwa na mtu.

Yalinisaidia. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Yale mafuta yalikuwa mazuri kuliko alivyowahi kuyapika ndugu yake, na uso wangu ukayanywa. Mipasuko ikafunga. Wekundu ukaondoka. Siku ya kutoka eda wanawake walijaa nyumbani, wakanisomea dua, wakanifukiza udi, wakanipaka liwa, na mmoja akanishika kidevu akasema mashallah, eda imenikalia vizuri, uso umekuwa mororo kama wa msichana. Wifi alisimama pembeni anatabasamu. Sikwenda kukaa kwenye kile kiti. Sikuwa na cha kwenda nacho.

Nilijaribu kuyapika. Binti yangu alisema, "Mama, si asmini ipo, nazi ipo, shida iko wapi?" Ijumaa moja nilikuna nazi uani, nikakamua tui, nikaliweka motoni, nikasimama na mwiko. Yakatoka meupe. Nikatia asmini, yakanukia asmini, kama ya mtu yeyote. Moshi haupo. Ijumaa ya pili nikasema nitayaunguza kwa makusudi, nikageuka nikatazama ukuta, nikayaacha. Yakawa meusi, machungu, nikayamwaga. Ijumaa ya tatu nikageuka na kurudi upesi, nikageuka na kurudi. Yakatoka meupe tena. Jirani alinisikia nakwangua sufuria, akanisalimu kutoka upande wa pili wa ukuta, akangoja niongee kidogo. Niliitikia salamu, nikaendelea kukwangua.

Yeye aliyaunguza kwa kusahau. Alikuwa mtu mwenye furaha, anasimama jikoni anasahau ana kitu motoni. Mimi nikisimama pale sisahau chochote. Namkumbuka tangu nazi ya kwanza hadi ya mwisho, na mafuta yanatoka safi kila mara.

Kaskazi imerudi tena mwaka huu. Uso wangu haujabanduka. Wifi ananiletea mafuta kutoka Takaungu kila mwezi, chupa kubwa, na nimejifunza kujipaka: paji, mashavu, pua, mdomo. Nikimaliza nanusa vidole vyangu. Nanusa nazi.